Valvu namba 3: shajara ya kutengeneza kinyunyizio kinachovuja bustanini, Dodoma

Jumamosi, 20 Julai 2024

Mama ndiye aliyegundua. Chumba chake kimepakana ukuta na kibanda cha pampu, na asubuhi hii akikoroga uji akaniuliza, "Mwanangu, ile pampu mbona inaamka usiku kama nyumba yenye mgonjwa?" Nikamjibu labda mtu alikwenda msalani. Akasema hapana, amelala macho tangu saa saba hadi kukucha, na ameihesabu: mara tisa.

Pampu yetu inawaka presha ikishuka hadi bar 1.4 na kuzima ikifika 2.8. Watu wakiwa wamelala na bomba zote zimefungwa, ukiacha zamu ya kumwagilia bustani alfajiri, haina sababu ya kuwaka hata mara moja. Mara tisa maana yake kuna mahali maji yanatoka.

Nilianza na vyoo, maana huko ndiko maji hupotea bila kelele. Nikatia rangi ya keki kwenye matangi ya flashi, nikangoja nusu saa bila mtu kuflashi. Maji ya kwenye sinki la choo yalibaki meupe, kwa hiyo vyoo ni vizima. Jikoni pakavu. Bafuni pakavu.

Nikatoka nje. Dodoma ya Julai haina cha kuficha: mvua ziliisha Aprili, hazitarudi mpaka Desemba, na ardhi yote ni vumbi jekundu. Kona ya chini, karibu na mwarobaini, ukoka ulikuwa umesimama kijani kibichi na chini yake tope. Nyuki walikuwa wamejaa hapo wakinywa. Kinyunyizio cha mwisho cha njia ya tatu kilikuwa kinatoa maji shingoni, taratibu, wakati taima ilikuwa imezima kila kitu tangu saa kumi na moja alfajiri.

Mfumo huu aliuweka marehemu baba mwaka 2014. Njia tatu, kila njia na valvu yake ya inchi moja inayofunguliwa kwa umeme mdogo wa volti 24 kutoka kwenye taima iliyoko kibarazani. Majani yenyewe aliyapanda kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa vikonyo alivyobeba kwenye gunia. Jioni mama hutandika mkeka wake hapo. Siku za msiba wa baba turubai lilisimama hapo. Sitaki majani haya yafe, na sitaki yaishi kwa maji ya kumwaga ovyo.

Jumapili, 21 Julai

Kabla ya kushika bisibisi nilitaka kujua ni ugonjwa gani. Kinyunyizio cha chini kabisa kikitoa maji baada ya njia kuzimwa, kuna mambo mawili, na dawa zake ni tofauti.

La kwanza ni maji yaliyobaki kwenye bomba kutelemka. Bustani yetu ina mteremko, na maji yaliyo juu yatatafuta tundu la chini kabisa. Hayo yana mwisho. Njia ya tatu ina kama mita 40 za bomba la milimita 25, na bomba hilo kwa ndani halibebi zaidi ya lita 12 au 13. Zikishatoka, basi.

La pili ni valvu yenyewe kutofunga. Hayo hayana mwisho, maana nyuma yake kuna tangi na pampu.

Saa nne asubuhi, yaani muda wa saa tano baada ya njia kuzimwa, bado maji yalikuwa yanatoka kwa kasi ileile. Kwa hiyo ni valvu.

Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alifukua kidogo kuzunguka kinyunyizio akaweka kipande cha mfereji wa plastiki kikielekeza maji kwenye chupa ya lita moja na nusu. Ilijaa kwa dakika sita. Akapiga hesabu mwenyewe kwenye mchanga kwa kijiti: lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku. "Shangazi, hizo ni ndoo kumi na nane."

Ndoo kumi na nane. Sisi maji ya bomba tunayapata kwa mgao, tunayaweka kwenye simtank ya lita 5,000, na wapo majirani nyuma yetu wanaopanga madumu alfajiri. Kwa mwezi ni uniti kumi na zaidi zinazoingia kwenye mizizi ya mwarobaini mmoja. Nilijisikia vibaya sana, na bado ninajisikia vibaya ninapoandika.

Hesabu hiyo inaelezea pampu pia. Tangi la presha ni la lita 24, na kati ya kuzima na kuwaka linatoa kama lita nane. Zikivuja lita 15 kwa saa, pampu lazima iamke kila nusu saa na ushei. Mama hakukosea.

Jioni nimefunga geti valvu, ile koki ya kuzungusha kwa mkono, ya laini ya bustani. Usiku nitasikiliza.

Jumatatu, 22 Julai

Pampu ililala usiku kucha. Mama naye.

Jumatano, 24 Julai

Nilimwita fundi bomba. Alikuja, akafunua mfuniko wa chemba ya valvu, akatazama bila kugusa, akasema, "Dada, hizi zimechoka zote. Tukate, tutoe zote tatu, tuweke mpya na bomba zake." Bei aliyotaja ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nikamuuliza tatizo hasa ni nini. Akasema vitu vya umeme na maji havikai pamoja muda mrefu.

Sikubishana naye, nilimlipa nauli na kumshukuru. Lakini valvu mbili zinafanya kazi vizuri, na ile ya tatu inafunguka na kufunga, ila haifungi mpaka mwisho. Kitu kinachofanya kazi kwa asilimia kubwa namna hiyo hakistahili kukatwa kabla hakijafunguliwa.

Hadi Jumamosi tunamwagilia kwa mpira wa mkono, jioni, pale tu panapohitaji.

Jumamosi, 27 Julai

Hii ndiyo siku ya kazi yenyewe, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kwanza nilichomoa taima ukutani. Volti 24 kwa kawaida hazidhuru mtu, lakini transfoma yake imechomekwa kwenye volti 230, na mikono yangu ingelowa mchana kutwa. Pili, geti valvu imefungwa. Tatu, kwenye taima yenyewe, upande wa ndani wa mlango, nilikuta karatasi ya baba: mchoro wa njia tatu kwa kalamu ya risasi, rangi ya kila waya, na maneno "nyeupe ni ya wote". Waya mweupe ni wa pamoja, unakwenda kwenye kila valvu, na kila valvu ina waya wake mmoja wa pili wa rangi. Nilipiga picha mchoro huo na nikaurudisha palepale alipoubandika.

Chemba ilikuwa imejaa udongo hadi nusu. Tuliutoa kwa kopo, polepole, na mpwa wangu amevaa glavu za kazi kwa sababu sehemu zenye unyevu na giza ndiko nge wanakopumzika msimu huu. Tulimkuta mmoja chini ya mfuniko, akaondoka zake.

Valvu ya namna hii haifungwi na nguvu ya umeme. Nilidhani hivyo kwa miaka yote. Inafungwa na maji yenyewe. Ndani kuna kiwambo cha mpira, duara kama kifuniko cha sufuria ndogo, kinachokaa juu ya mdomo wa tundu la kupitishia maji. Maji yanayoingia hupenya pia kwenye kitundu chembamba na kujaa chumba kilicho juu ya kiwambo. Presha ya juu na ya chini inakuwa sawa, lakini upande wa juu maji yanasukuma eneo kubwa zaidi, kwa hiyo kiwambo kinakandamizwa chini, na springi inasaidia. Taima ikituma umeme, koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, inanyanyua kijiti cha chuma ambacho kilikuwa kimeziba njia ndogo ya kutokea. Maji ya chumba cha juu yanakimbilia upande wa vinyunyizio kwa kasi kuliko yanavyojazwa, kiwambo kinanyanyuka, na njia inafunguka. Umeme ukikatika, kijiti kinashuka, chumba kinajaa tena, njia inafunga.

Ukishalielewa hilo, orodha ya wanaoshukiwa inakuwa fupi. Uchafu kwenye mdomo pale kiwambo kinapokaa. Kiwambo kilichochanika. Kijiti cha koili kisichoziba sawasawa. Au skrubu ya kutoa hewa, ile ya kufungulia kwa mkono, iliyoachwa imelegea kidogo. Kitundu chembamba kikiziba hali ni nyingine kabisa: chumba cha juu hakijai, na valvu inabaki wazi kama bomba lililosahauliwa.

Skrubu ya kutoa hewa ilikuwa imekaza. Nikaenda kwenye koili kwa sababu ni rahisi, inafunguliwa kwa mkono kama taa ya kuzungusha. Kiganja kiwe chini yake wakati unaifungua, maana kijiti na springi yake vinaweza kudondokea kwenye tope. Nikabadilishana: koili ya valvu namba 2 nikaifunga kwenye namba 3, na ya namba 3 kwenye namba 2. Nikafungua maji. Namba 2 ilibaki kavu. Namba 3 ikaendelea kuvuja. Koili imeachiliwa huru bila kununua chochote. Ninaipenda sana njia hii ya kubadilishana, kwa sababu jirani mzima anakuwa shahidi.

Maji yakafungwa tena. Skrubu sita za kifuniko. Nilizilegeza kwa mzunguko wa msalaba, kila moja kidogo, kwa sababu chini ya kifuniko kuna springi inayosukuma. Kabla ya kunyanyua nilichora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko na kwenye mwili wa valvu. Kwenye kiwambo chenyewe sikuweka alama, na hilo lilinigharimu baadaye.

Ndani kulikuwa na kilichonifanya nikae chini nitazame. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na kila mwenye birika hapa anaujua ule utando mweupe. Umeganda pia humu, pete nyembamba kuzunguka mdomo. Juu ya pete hiyo, chembe tatu za mchanga, moja kubwa kama punje ya ulezi. Upande wa chini wa kiwambo chembe hiyo ilikuwa imechimba shimo lake. Yaani kwa miezi kiwambo kimekuwa kikishuka juu ya jiwe lilelile, mara moja kila alfajiri.

Nilisafisha kwa mswaki wa zamani na siki nyeupe, kidogokidogo, bila kukwangua kwa kisu. Mdomo huo ni plastiki, ukiutia mkwaruzo mmoja umejitengenezea uvujaji wa kudumu. Kitundu chembamba nilikipitishia unyuzi mmoja wa waya wa shaba, taratibu. Kisha nilifungua geti valvu kwa sekunde chache, kifuniko kikiwa hakipo, ili maji yasukume mchanga uliobaki ndani ya bomba. Yaliruka hadi kiunoni. Yalianza na rangi ya chai, yakaishia meupe.

Nikarudisha kila kitu, nikafungua maji, na njia nzima ya tatu ikasimama kwa presha kamili. Haifungi kabisa! Mpwa wangu alidhani tumeharibu. Nilikaa na ule mchoro kichwani: chumba cha juu hakijai, kwa hiyo maji hayapati njia ya kupanda. Tulifungua tena na kukuta nimekizungusha kiwambo. Sikio lake dogo lenye tundu halikukutana na tundu la kwenye mwili. Nimekipanga sawa, nikakaza skrubu kwa msalaba, na valvu ikafunga ndani ya sekunde tano au sita. Sasa alama ya kalamu iko kwenye vyote vitatu.

Chupa ilijaa kwa dakika 40 badala ya sita. Ni karibu ndoo tatu kwa siku bado. Shimo la kwenye mpira halisafishiki kwa siki. Geti valvu nimeifunga.

Jumatano, 31 Julai

Maduka manne ya vifaa vya ujenzi, siku tatu mfululizo baada ya kazi. Koki za kila aina, bolu valvu, yunioni, elbo. Kiwambo peke yake hakuna mwenye nacho. Mmoja alinionyesha mpira wa ndani wa tairi na kuniambia nikate duara. Nilifikiria usiku mzima. Lakini kiwambo kina unene tofauti katikati na pembeni, kina kitundu na sikio lake, na kinakunjika maelfu ya mara. Sitaweka tairi.

Jumamosi, 3 Agosti

Maonesho ya Nanenane yameanza Nzuguni, na mwaka huu ndiyo ya kitaifa. Nilikwenda na mpwa wangu, tukapita mabanda ya mbegu na mifugo moja kwa moja hadi kwa wauza vifaa vya umwagiliaji. Nilikuwa nimebeba kiwambo cha zamani kwenye mfuko wa nailoni.

Muuzaji wa banda la tatu alikishika, akakigeuza, akasema, "Dada yangu, kiwambo peke yake sina. Lakini valvu nzima ya aina hii ninayo." Nilianza kusema sitaki kukata bomba. Akanikatiza kwa upole: "Usikate. Nunua nzima, ifungue, chukua tumbo lake ulihamishie kwenye mwili wa zamani. Mwili hauchakai, unaovuja ni utumbo."

Ningependa mtu angeniambia hivyo wiki mbili zilizopita. Kiwambo, springi, kifuniko, oringi (pete ya mpira) na koili, vyote vipya, na hakuna gundi, hakuna msumeno, hakuna kuchimba mita nzima kutafuta nafasi ya kuunga bomba. Masharti ni mawili: iwe aina ileile na saizi ileile. Tulilinganisha pale kauntani, kiwambo juu ya kiwambo, sikio kwa sikio. Nililipa shilingi elfu sabini, nikanunua na kichujio cha wavu cha inchi moja. Kaka yule hakuwa na haraka nasi hata kidogo, na watu walikuwa wamejipanga nyuma yangu.

Jumapili, 4 Agosti

Saa moja na nusu asubuhi hadi saa tatu. Kazi ilikwenda haraka kwa sababu mikono ilishaijua njia.

Kiwambo kipya, springi mpya, kifuniko kipya. Oringi ya koili nimeipaka grisi ya silikoni nyembamba. Grisi ya magari nimeiacha kwenye kopo lake, kwa sababu baadhi ya mipira huvimba ikikutana nayo. Skrubu kwa msalaba, zimekaza lakini si kwa nguvu za kiume, plastiki inapasuka.

Koili ya zamani bado nzima. Nilipima ukinzani wake kwa mita: omu 41. Ya namba 1 na 2 ziko jirani na hapo, na hizo ndizo namba za kawaida kwa koili hizi. Ingesoma sifuri au isingesoma kabisa ningeitupa. Nimeifunga kwenye mfuko na kuandika "akiba".

Viungo vya waya vilikuwa vimezungushiwa tepu nyeusi tu, nayo imeoza. Nimevikata, nikamenya upya, nikaweka vifuniko vya kuzungusha vyenye grisi ndani. Hili halikuwa tatizo la leo, ila kutu ya kijani ilishaanza kwenye waya mweupe, na ukikatika huo njia zote tatu zinakufa pamoja.

Nilifungua geti valvu polepole sana, robo mzunguko, nikangoja, robo nyingine. Kisha nikawasha njia kutoka kwenye taima, dakika tatu, nikazima. Vinyunyizio vilishuka. Kile cha chini kilitoa maji kwa muda, kikapunguza, na kabla ya saa kwisha kikakauka. Hayo yalikuwa yale ya bomba.

Mpwa wangu aliweka chupa tena. Saa tano baadaye ilikuwa tupu, ina mdudu mmoja.

Jumanne, 6 Agosti

Pampu iliwaka mara moja usiku, saa nane, mpwa wangu alipokwenda msalani. Mama alinithibitishia muda bila kuulizwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Kichujio kimefungwa baada ya geti valvu na kabla ya valvu zote tatu, wavu wa meshi 80. Hapa ndipo nililazimika kukata bomba, mara moja tu. Nimeweka yunioni pande zote mbili ili kifunguke kwa mkono. Tredi tepu mizunguko sita, kufuata uelekeo wa kukaza. Upande mmoja ulitoa jasho, nikaufungua nikarudia.

Taima nimeirudisha saa kumi alfajiri, upepo ukiwa umelala na jua halijaja kuyachukua maji. Njia ya tatu nimeipunguzia dakika, kutoka 15 hadi 10, kwa sababu kona ile bado ina unyevu wa wiki kadhaa.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimefungua kichujio. Mchanga wa kama nusu kijiko cha chai, na vipande viwili vya utando mweupe, kwa siku saba. Kwa hiyo valvu namba 1 na 2 nazo zimekula mchanga huohuo kwa miaka kumi. Nitazifungua mwezi ujao, mdomo usafishwe kabla punje haijachimba mpira. Kila moja itafunguliwa ikiwa imeshachorwa alama, kifuniko, kiwambo na mwili.

Tope chini ya mwarobaini limekauka. Nyuki wamehama, kwa hiyo nimewawekea sahani ya maji yenye kokoto karibu na ukuta, na leo asubuhi walikuwa wameshaiona.